Makasi ya Mwalimu Damari

Sauti ya uzi ukikatwa kwa meno naijua hata nikiwa usingizini. Ni sauti ndogo tu, tk, kama ya mjusi akinasa nzi ukutani. Juzi niliisikia hapa kwangu Kayole, nimejinyoosha baada ya chakula cha mchana, redio ikijiongelesha yenyewe, nikafumbua macho mara moja. Mjukuu wangu Shiko alikuwa ameketi sakafuni katikati ya makaratasi ya rangi. Alikuwa anafunga zawadi kwa utepe, hakuona makasi, basi akautia utepe mdomoni.

"Woiye, Shosho, nimekuamsha? Lala tu."

Nikamwambia silali tena, anionyeshe anachofunga. Ilikuwa zawadi ya profesa wake, mama mmoja aliyemshikilia miaka yote ya chuo, hata ile miezi Shiko alipotaka kuacha masomo akauze viatu. Ndani ya karatasi kulikuwa na kikombe cha udongo, kikubwa, kimeandikwa maneno ya dhahabu. Nikamwuliza, huyo profesa wako anakunywa nini, chai au kahawa?

"Sijui, Shosho," akasema, akicheka. "Lakini Mercy amemnunulia kikombe, na changu ni kikubwa kushinda cha Mercy."

Hapo nikaketi. Nilitafuta kandambili zangu kwa miguu, nikazima redio, nikamwambia aache kwanza kufunga. Niliyomwambia ndiyo haya ninayowaandikia nyinyi, na kama nimerukaruka mtanivumilia, maana shule niliiacha darasa la tatu. Majina tu ndiyo sijasahau hata moja.

Tulikaa Shauri Moyo, chumba kimoja katika zile nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji. Baba yangu, Mzee Gathogo, alikuwa fundi wa visu na makasi kule Gikomba. Alikuwa na shimo la makaa, viriba vya ngozi vya kupulizia moto, na jiwe la kunolea alilolizungusha kwa mguu. Alikuwa na harufu ya chuma kilichochomwa, na mpaka leo nikipita mahali wanapochomelea mageti nahisi ananiita. Mama alikuwa anauza viazi. Alipomzaa mdogo wangu Nyokabi alirudi sokoni upesi, na mtoto akahitaji mgongo. Mgongo ukawa wangu. Sikulia sana nilipoacha shule. Nililia siku ya tatu, niliposikia wenzangu wakipita dirishani wanaimba majina ya miezi.

Kwa hiyo baada ya hapo nilikuwa na mwalimu mmoja tu duniani, na huyo alikuwa Mwalimu Damari. Hakuwa mwalimu wa cheti. Alikuwa mke wa Bwana Mwakio, mtu wa reli, na kila Jumamosi asubuhi alifungua ukumbi wa mtaa akawafundisha wasichana kushona vitambaa vya kroshia, vile vyeupe vya kutandika juu ya viti na redio. Alikuwa mrefu, mwenye mwanya, na kilemba chake kilinukia sabuni ya kufulia na karafuu. Bonge lake la uzi alilitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, kifuniko kikiwa na tundu, uzi ukitokea hapo juu ukiwa safi kama maziwa. Angeliacha sakafuni, sisi tungelifanya mpira.

Hakuwa mtu wa maelezo. Alikuwa akisema, "Niangalieni mikono," halafu ananyamaza. Tulikaa mbele yake nusu duara, sakafuni, miguu imenyooshwa, tukimtazama vidole na kufuata. Alipofika mwisho wa mstari aliinua kitambaa mdomoni, akaukata uzi kwa meno. Tk. Sisi sote tukajifunza kukata uzi kwa meno, tukadhani ndivyo kroshia inavyotaka.

Tulikuwa wasichana saba: Zipora, aliyekuwa mkubwa wetu, Wanjiru wa Mama Njoki, Mueni, Akinyi, Halima, mimi Serah, na Truphosa. Wale wengine nimewataja kwa heshima tu. Katika hadithi hii yupo Truphosa.

Truphosa alikuwa binti wa Mzee Andayi, mfagiaji wa kanjo. Alikuwa na miaka kumi kama mimi, mwembamba, na kichwa chake kilikuwa kimeinama daima kama mtu anayetafuta sindano. Hakuwa mrembo kunishinda. Sauti hakuwa nayo. Hata kushona alikuwa ameanza baada yangu. Lakini wakati sisi sita tulikaa mbele, Truphosa alikaa kando ya Mwalimu Damari. Kando kabisa, bega kwa bega, juu ya gunia lililokunjwa, na sisi wengine tukiwa juu ya simenti baridi. Mwalimu akimaliza tundu moja anamtazama Truphosa, anamgusa kidole, anamnong'oneza, wanaendelea.

Sijui kama nyinyi mmewahi kuona wivu wa mtoto mwenye mtoto mgongoni. Huwezi kuondoka kwa hasira, utamwamsha. Huwezi kutupa kitu. Nilikaa pale nikimbembeleza Nyokabi kwa kiuno, macho yangu yamekwama kwenye lile gunia. Nililijua kuliko kitambaa nilichokuwa nashona. Lilikuwa na alama ya sukari, herufi nyekundu zilizofifia, na kona moja imetoboka. Usiku nililiota.

Nilimwuliza Mama kwa nini Truphosa anapendwa. Mama alikuwa anachagua viazi, hakuinua kichwa.

"Si ni mtu wa kwao. Wanaelewana kwa lugha yao."

Nilipenda jibu hilo kwa wiki nzima. Halafu nikaja kusikia kwamba Mwalimu Damari ni Mtaita, na akina Andayi ni watu wa magharibi, mbali kama nini, hata kusalimiana kwao si kumoja. Basi nikabaki na wivu wangu bila mahali pa kuuweka.

Jumamosi iliyofuata niliona kwa macho yangu. Truphosa aliingia na kitu kimefungwa kwa gazeti, akampa mwalimu kwa mikono miwili. Mayai matatu. Mama yake alikuwa ametoka nyumbani kwao na kuku. Nikasema ndani ya roho, aha! Kumbe gunia linanunuliwa!

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa zawadi. Kila alicholeta Truphosa nilileta zaidi. Yeye akileta ndizi mbili, mimi naleta viazi kikapu kizima, na Mama anashangaa gunia lake linapungua bila wateja. Akileta ua, naleta ua na chupa yake. Na yale mayai matatu niliyalipizia kwa mayai manne, niliyoyatoa chini ya kuku wa Mama Njoki nikiwa nimeshika pumzi. Mwalimu Damari alipokea yote kwa mikono miwili, akashukuru. Wiki iliyofuata aliniita pembeni, uso wake mkavu kabisa.

"Serah, nakushukuru kwa mayai. Matatu tulikula. La nne lilikuwa na mwenyewe ndani."

Wenzangu walisikia. Wakacheka mpaka Halima akalala chini. Truphosa pia alicheka, kwa mkono mdomoni, na kicheko chake peke yake ndicho nilichokihesabu.

Siku moja sikuweza tena. Nilisimama na Nyokabi wangu mgongoni, nikasema mbele ya watu, "Mwalimu, hata mimi nataka kukaa kando yako."

Wenzangu wote waligeuka. Mwalimu Damari alinitazama kitambo. Nilidhani atanigombeza, lakini alisogeza mkebe wa uzi, akapigapiga gunia kwa kiganja.

"Njoo. Truphosa, kaa pale kwa Serah kidogo."

Jameni, lile gunia lilikuwa laini! Nilikaa nikainua kidevu ili kila mtu anione. Nilinusa karafuu karibu. Kisha tukaanza, na mambo yakaharibika. Nilikuwa nashona vizuri nikiwa mbele, kila mtu alijua, lakini pale kando vidole vya mwalimu vilienda huku vyangu vikienda kule. Alipovuta mimi nilisukuma. Alipozungusha uzi mimi nilijifunga kidole gumba. Kitambaa changu kilianza kukunjamana kama sikio la mbwa. Nikainua macho, nikamwona Truphosa pale mahali pangu, naye ameduwaa, uzi umemlala magotini.

"Mwalimu, unanificha," nikasema, na machozi tayari.

"Sikufichi, mwanangu." Alishusha sauti. "Mahali pako pazuri ni pale mbele. Ukikaa hapa hunioni."

Ukikaa hapa hunioni. Nilisikia kama ninafukuzwa. Nilirudi kwenye simenti yangu na masikio yakiwaka moto, na Truphosa akarudi kwenye gunia bila kunitazama, na mikono yake ikaanza tena kukimbia sambamba na ya mwalimu, kama miguu ya mtu mmoja.

Mwezi ule ule ikaja habari kwamba Bwana Mwakio amehamishwa Nakuru. Mwalimu Damari angeondoka baada ya Jumamosi tatu. Zipora alitukusanya nyuma ya choo cha mtaa akasema kila mmoja alete zawadi yake ya kumshukuru, tena iwe ya maana, si mayai yenye wenyewe. Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilimtazama Truphosa nikijiuliza ataleta nini, na nikiapa kwamba chochote atakacholeta, changu lazima kikifunike.

Hapo ndipo akili ikanijia, na niliiona kuwa akili kubwa sana. Mwalimu hukata uzi kwa meno. Kwa nini? Kwa sababu hana makasi! Na baba yangu ni nani? Si fundi wa makasi! Truphosa baba yake anafagia barabara, atampa nini, ufagio?

Nilimkuta Baba penye makaa, jioni, akifunga kazi. Nikamweleza. Baba alipenda sana habari ile. Alikuwa ananihurumia kwa mambo ya shule, ingawa hakusema, na aliposikia kuna mtu wa kushukuriwa kwa kunifundisha, alichagua chuma hapo hapo kutoka kwenye rundo lake, akakipiga kipande kwa kipande kingine, akasikiliza mlio.

"Huyo mwalimu wako," akasema, "anatumia mkono gani?"

Nilikasirika. Niliona ni swali la kupoteza wakati. "Mkono wa kawaida, Baba. Mkono kama wa watu."

"Umeangalia?"

"Si namwona kila Jumamosi!"

Baba akatikisa kichwa. Akasema makasi yana mkono wake, kwamba aliwahi kumtengenezea Mutiso, fundi wa suti, makasi ya kushoto, na yule Mutiso alimshika mabega akalia. Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nawaza uso wa Truphosa.

Baba alifanya kazi siku kumi, jioni kwa jioni, baada ya kazi za watu. Hayajawahi kuonekana makasi kama yale. Yalikuwa madogo, ya kuingia kiganjani, matundu yake ya vidole yakiwa mviringo kama pete, na alipoyasugua kwa majivu yaling'aa nikaliona humo pengo la jino langu lililong'oka. Yalikata unywele ukiwa hewani. Mama aliyafunga kwa kipande cha kitambaa chekundu, nami nikayalalia chini ya mkeka kila siku mpaka Jumamosi ya mwisho.

Siku hiyo tuliinuka mmoja mmoja. Zipora alitoa leso. Mueni kibuyu kidogo cha kwao. Akinyi samaki mkavu, ambaye alitufanya tuombe madirisha yafunguliwe. Wanjiru na Halima walichanga sahani. Nami nikatembea mbele, Nyokabi akiwa mgongoni amevalishwa kofia, nikafungua kitambaa chekundu. Wasichana walitoa pumzi kwa pamoja. Mwalimu Damari aliyapokea makasi kwa mikono miwili, akayageuza, mwanga wa dirishani ukamrukia shingoni. Macho yake yalijaa.

"Baba yako ameyatengeneza haya kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mwambie hajawahi mtu kunitengenezea kitu. Mwambie hivyo hivyo."

Nilirudi kuketi nikiwa nimeshinda. Lile gunia ningeweza kulichoma.

Kisha akainuka Truphosa. Alitoa kitu kidogo mfukoni, na nilipokiona nilitaka kucheka. Kilikuwa nusu ya wembe, imechomekwa kwenye kijiti cha mwanzi, ikafungwa kwa ule uzi wetu wa kroshia ili isichomoke. Kilikuwa kama mdudu. Hakukifunga kwa kitu chochote. Alimpa mwalimu, kichwa kimeinama vile vile.

Mwalimu Damari hakumwambia asante. Alimtazama tu. Halafu akachukua kitambaa alichokuwa amemaliza kushona asubuhi ile, kilichokuwa bado kinaning'inia kwenye mkebe, akapitisha kile kimdudu chini ya uzi. Uzi ukakatika bila hata sauti. Akacheka kama msichana. Akakata kipande kingine, kisha kingine, bure tu, kwa raha.

Na makasi yangu? Alikuwa ameyaweka ndani ya kikapu, yamelala juu ya samaki wa Akinyi.

Nilingoja. Nilisema, sasa atayachukua, sasa. Tulikula mandazi, tukaimba, tukapiga makofi. Zipora akamwomba amkatie uzi wa kumbukumbu kila mmoja wetu, afunge mkononi. Mwalimu akakata nyuzi saba kwa wembe wa Truphosa. Wangu alinifunga mwenyewe, akanishika kifundo cha mkono kwa muda, akaniambia, "Serah, una macho mazuri." Niliuvuta mkono wangu. Nilipofika nyumbani niliung'oa ule uzi kwa meno nikautupa jikoni. Baba aliniuliza, "Ameyapenda?" Nikasema ndiyo, sana, ameyakatia kila kitu. Alitabasamu kwenye ugali wake.

Wivu wa siku ile niliubeba miaka mingi kuliko nilivyombeba Nyokabi. Niliolewa nao. Nikimwona Truphosa barabarani, sote wanawake wazima, navuka upande wa pili.

Mpaka nilipotaka kumfundisha binti yangu Wambui, mama yake Shiko, kroshia. Alikuwa na miaka minane. Nilimkalisha kando yangu, bega kwa bega, kwa sababu mimi niliona kukaa kando ndiko kupendwa, na wangu hatakaa simenti. Ilikuwa vita. Nikivuta anasukuma. Nikizungusha anajifunga. Nilimpiga kofi dogo la mkono, Mungu anisamehe, naye akakasirika, akahamia kitandani mbele yangu akinuna. Na kule mbele, akinitazama kwa jicho la chuki, akaanza kushona. Tundu la kwanza, la pili, mstari mzima, safi. Mikono yake na yangu ilikuwa inakwenda pamoja kama mtu na kioo.

Nilimtazama vizuri. Sindano ilikuwa mkono wa kushoto.

Nilikaa pale, uzi umenilala magotini. Nikamwona Mwalimu Damari kando ya mkebe wake wa uzi, nikiwa nimekaa mbele yake. Sindano yake ilikuwa upande ule ule wa mkono wangu wa kulia. Kwa hiyo ilikuwa kushoto kwake. Alisalimia kwa kulia, alipokea kwa miwili, alikula kwa kulia kama adabu ilivyotaka, lakini akishona alikuwa wa kushoto, na ndiyo maana sisi wa kulia tulimwelewa tukiwa mbele yake. Kati yetu sote mmoja tu hangeweza kumfuata kutoka mbele, na huyo ndiye aliyewekewa gunia.

Nilikwenda Gikomba kesho yake. Baba alikuwa mzee, lakini makaa yalikuwa bado yanawaka.

"Baba, nataka makasi madogo ya Wambui. Ya mkono wa kushoto."

Alichagua chuma polepole. Akakigonga, akasikiliza. Kisha akaniuliza, hajanigeukia, "Na yule mwalimu wako?"

Niliinama nikaokota vipande vya chuma miguuni pake. Baba akaanza kuvuta viriba vyake, na hatukuliongea tena mpaka nilipomzika.

Truphosa nilimtafuta baadaye sana, nikamkuta soko la Jericho akiuza vitambaa, nyanya mwenye miwani. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya kumwomba msamaha, lakini aliponiona alipasuka kicheko.

"Serah wa yai lenye mwenyewe! Kaa hapa, dada, kaa!"

Akaniambia mama yake alikuwa akimfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ili auache, na shuleni alichapwa vidole. Mwalimu Damari alimkuta akilia nyuma ya ukumbi, akamwonyesha mkono wake mwenyewe, akamwambia wasimwambie mtu, maana mama zetu wangesikia kwamba tunafundishwa na mkono wa kushoto wangetutoa. Makasi ya kawaida, ya mkono wa kulia, hayakuwahi kuwakatia uzi wao wote wawili. Uzi unakunjwa tu katikati. Ule wembe alikuwa amejitengenezea mwenyewe kwanza, wa mwalimu akautengeneza wa pili.

"Na mimi nilikuchukia," akasema, akivua miwani kuifuta.

"Mimi? Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa mbele, Serah. Kila akiinua macho ni wewe anamwona. Mimi miaka yote ile nilikuwa naona sikio lake tu."

Truphosa aliwahi kumtembelea Mwalimu Damari huko Nakuru kabla mwalimu hajafa. Makasi ya Baba yalikuwa ukutani, kwenye msumari wao wenyewe, yamepakwa mafuta, hayana hata doa la kutu. Bwana Mwakio alikuwa akiyatumia kukatia masharubu siku za Jumapili tu. Na mwalimu alimwuliza, yule msichana wa macho mazuri, mwenye mtoto mgongoni, bado anashona?

Nimelifikiria jambo hili mpaka nimezeeka nalo. Macho mazuri nilikuwa nayo kweli. Niliona meno yake, niliona gunia, hata herufi za sukari niliziona. Niliulizwa swali moja tu, na fundi aliyejua kazi yake, na nikalijibu nikimtazama mtu mwingine. Zawadi ile nilimchagulia Truphosa, nikaipeleka kwa Mwalimu Damari.

Shiko alinisikiliza mpaka mwisho bila kushika simu, jambo ambalo si dogo. Nilipomaliza alichezea utepe. Kisha akaanza kuifungua ile karatasi taratibu, bila kuirarua, akakitoa kikombe akakiweka juu ya meza yangu, karibu na redio.

"Hiki tutanywea sisi, Shosho," akasema. "Profesa ana darasa kesho saa nne. Huwa nakaa nyuma na kina Mercy." Akakunja karatasi mara mbili, akaitia begini. "Kesho nitakaa mbele."